Gurudumu lilizaliwaje? Duara lilikuwa rahisi, kazi ilikuwa kwenye ekseli

#1 Mpiga Randa

Wakuu, salaam.

Kuna picha imeenea sana: mtu wa pangoni amevaa ngozi, anasukuma jiwe la mviringo, na chini yake pameandikwa kwamba huo ndio uvumbuzi wa kwanza wa binadamu. Mimi ni seremala na picha hiyo inanikera, kwa sababu inawadharau mafundi waliofanya kazi yenyewe.

Mtu wa pangoni hakuwa na gurudumu. Lilipokuja, watu walikuwa wameshalima na kufuga kwa maelfu ya miaka, wanafinyanga na kuchoma vyungu, wanafuma nguo, wanayeyusha shaba. Ushahidi wa magari ya kwanza ni wa miaka kama 5,500 iliyopita, yaani juzi tu.

Huko Bronocice, kusini mwa Poland, katika miaka ya 1970 wachimbaji walipata chungu kilichochorwa gari lenye magurudumu manne, na mti wa kufungia wanyama umetokeza mbele. Mfupa uliokuwa kwenye shimo hilohilo ulipimwa kwa kaboni, ukatoa umri wa karibu 3500 KK. Flintbek, karibu na Kiel kaskazini mwa Ujerumani, chini ya kilima cha kaburi kuna alama za magurudumu zilizobaki ardhini tangu karibu 3400 KK. Na Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, makarani wa hekalu la Eanna waliandika kwenye mabamba ya udongo alama ya chombo cha kuburuta, kisha alama hiyohiyo ikiwa na duara mbili chini yake. Hayo yote yako ndani ya karne chache, katika nchi zilizo mbalimbali sana.

Sasa nije kwenye mbao. Mwaka 2002, kwenye kinamasi kilicho kusini mwa mji wa Ljubljana, Slovenia, kikundi cha Anton Velušček kilipata gurudumu lenyewe pamoja na ekseli yake, yaani mti unaopita katikati na kubeba magurudumu. Umri wake ni miaka kama 5,150, na ndilo gurudumu la mbao la zamani kuliko yote yaliyopatikana likiwa na ekseli. Limeokoka kwa sababu maji ya kinamasi yalizuia hewa isilioze. Kipenyo ni kama sentimita 72. Halikukatwa kwenye gogo moja: ni mbao mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu, zikafungwa kwa vipande vinne vilivyopenyezwa kwenye mifereji. Mbao za gurudumu ni za mti wa jamii ya mzeituni unaoitwa Fraxinus, mgumu na usiovunjika kirahisi. Ekseli na vile vipande vya kufungia ni mwaloni.

Aliyefanya kazi ile alijua mbao. Alichagua mti mmoja kwa kazi moja na mti mwingine kwa kazi nyingine, akapasua, akakausha, akachonga tundu la mraba katikati na kulikaza kwa kabari za mwaloni. Yeyote aliyewahi kuchonga tundu la mraba kwa patasi akitaka mti wa mraba uingie bila kucheza anajua hiyo ni kazi ya siku ngapi na ya uvumilivu gani.

Hoja yangu ni hii: duara kila mtu alilijua. Mwezi ni duara, chungu ni duara. Kilichochelewesha gurudumu ni ekseli, yaani namna ya kukifanya kitu kizunguke huku kimebeba mzigo, bila kuchomoka, bila kuvunjika na bila kukwama. Karibuni tuchambue.

#2 Kijana wa Makete

Mkuu Mpiga Randa, heshima yako. Swali langu: kwa nini wasikate tu kipande cha gogo kama unavyokata kigoda? Gogo tayari ni mviringo. Unakata, unatoboa katikati, biashara imeisha. Huku kwetu misitu imejaa miti minene.

#3 Mpiga Randa

Swali zuri, na jibu lake liko ndani ya mti.

Nyuzi za mbao zinapanda kutoka mizizi kwenda juu. Nguvu ya mti iko kwenye urefu wa nyuzi hizo. Ukikata kipande cha kukingama, nyuzi zote zinakuwa fupi, zimesimama upande mmoja hadi wa pili wa gurudumu, na kinachozishikanisha ni kidogo. Likigonga jiwe, linapasuka. Halafu mti unapokauka hausinyai sawasawa: unasinyaa zaidi kuzunguka mzingo kuliko kuelekea kiini. Ndiyo maana kila gogo lililokatwa na kuachwa juani linafanya ufa kutoka ukingoni hadi moyoni. Kwa kigoda cha kukalia haina shida. Kwa gurudumu lenye tani ya mawe juu yake ni kifo chake.

Kwa hiyo walipasua mbao kwa urefu wa mti, wakachonga nusu duara, wakaunga. Pale ambapo mti hautoi mbao pana, waliunga vipande vitatu. Magurudumu ya vipande vitatu yamepatikana Zürich, Uswisi, nayo ni ya karibu 3200 KK.

#4 Gereji ya Kona

Naomba nichangie upande wa ufundi magari, maana uzi huu umenigusa.

Mpiga Randa amesema tundu la Ljubljana ni la mraba. Wengi watapita bila kuona maana yake. Tundu la mraba maana yake gurudumu na ekseli vimeshikana, vinazunguka pamoja. Ekseli ndiyo inayozunguka chini ya bodi. Mfumo wa pili ni ekseli iliyotulia, haizunguki, na magurudumu yenye tundu la duara yanazunguka kwenye ncha zake, yakizuiwa na pini yasichomoke. Mfumo huo wa pili ndio wa Mesopotamia, yaani pande za Iraki ya leo, na wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi.

Tofauti inaonekana kwenye kona. Gari linapokata kona, tairi la nje linasafiri mbali kuliko la ndani. Kama yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, moja lazima liteleze au liburuzwe. Kwa mkokoteni mwembamba wa magurudumu mawili kwenye njia ya milimani unavumilia. Kwa gari pana la magurudumu manne ni mateso kwa mnyama na kwa mbao. Ekseli ikitulia, kila gurudumu linakwenda kwa mwendo wake. Tatizo hilihili lilirudi magari ya injini yalipokuja, na ndilo tatizo ambalo difu, gia inayoruhusu matairi mawili ya ekseli moja kwenda kwa mwendo tofauti, inalitatua mpaka leo.

Jambo la pili ni unene. Msuguano wa ekseli unauma pale ekseli inapogusana na kitundu chake. Ekseli ikiwa na kipenyo cha sentimita 7 na gurudumu sentimita 70, nguvu unayohitaji kushinda msuguano huo inapungua mara kumi, ukilinganisha na kuburuta mzigo juu ya mti uleule uliopakwa mafuta yaleyale. Ukiifanya ekseli nyembamba zaidi unapata wepesi, lakini inavunjika. Ukiifanya nene inabeba, lakini gari linakuwa zito kuvuta. Fundi wa kale alikuwa anatafuta pale katikati bila hesabu ya kuandika, kwa mbao tupu, bila beringi. Grisi yake ilikuwa mafuta ya wanyama. Nawavulia kofia.

#5 Kijana wa Makete

Nimeelewa sana, Gereji. Sasa, shuleni tulifundishwa kwamba watu walianza kwa kuviringisha mizigo juu ya magogo, na magogo yakawa magurudumu. Ni kweli au ni hadithi?

#6 Mpiga Randa

Kuna watafiti wanaoitetea njia hiyo kwa nguvu. Mwanahistoria Richard Bulliet wa Chuo Kikuu cha Columbia anasema gurudumu lilianzia kwenye machimbo ya shaba ya milima ya Carpathia, mashariki mwa Ulaya, karibu 3900 KK. Mwaka 2024 yeye na wahandisi Kai James na Lee Alacoque walichapisha utafiti uliotumia kompyuta kupima kama gogo linaweza kugeuka gurudumu hatua kwa hatua.

Mtiririko wao uko hivi. Mchimbaji ana sanduku la mawe ya shaba ndani ya handaki jembamba, analisukuma juu ya magogo. Shida ya magogo ni kwamba yanabaki nyuma, lazima uyaokote na kuyarudisha mbele, na handakini hakuna nafasi. Hatua ya kwanza ni kuchonga vishikizo chini ya sanduku ili gogo lisitoroke. Hapo msuguano unaongezeka, basi gogo linachongwa liwe jembamba katikati na nene pembeni. Kuchonga kunavyoendelea, unapata ncha mbili nene zilizounganishwa na mti mwembamba. Hizo ncha ni magurudumu, na ule mti ni ekseli inayozunguka nayo. Kwa mtiririko huo, ekseli iliyotulia ilikuja baadaye, karne kadhaa mbele.

Ninaipenda hoja hii kwa sababu inaanza na kazi na kero yake. Handakini sakafu ni ileile kila siku, njia ni moja, haina kona kali, na nguvu ni ya mtu anayesukuma. Mazingira hayo yanavumilia ekseli inayozunguka.

Ila wapo wanaoshikilia kwamba chanzo ni Mesopotamia, na wapo wanaosema watu wa sehemu tofauti walilifikia kila mmoja kivyake. Tarehe za Poland, Ujerumani na Uruk zimekaribiana mno kiasi kwamba hakuna upande unaoweza kutumia tarehe peke yake kumshinda mwenzake. Mimi naegemea kwenye machimbo kwa sababu za kiufundi.

#7 Ng'wana Shinyanga

Mmeongea mbao na chuma, mmemsahau mvutaji.

Sisi kwetu mkokoteni bila maksai ni mapambo. Na maksai haji hivihivi. Unamhasi, unamzoesha nira akiwa mdogo, unampa mwenzake wa kulingana naye kwa nguvu na mwendo. Hiyo peke yake ni elimu ya vizazi. Watu ambao tayari walikuwa wanalimia ng'ombe ndio waliokuwa na nira, na aliye na nira amebakiza kuweka gari nyuma yake.

Halafu hebu nisaidieni: kwenye picha za Wasumeri, watu wa kale wa Mesopotamia, nimeona magari ya vita yanavutwa na wanyama kama punda lakini wakubwa. Ni nini wale?

#8 Bint Kizimkazi

Kaka Ng'wana Shinyanga, hilo niachieni mimi.

Picha unayoisema bila shaka ni ya Ur, mji wa kale wa Wasumeri, ile iliyochimbuliwa na Leonard Woolley katika makaburi ya kifalme miaka ya 1920 na sasa iko British Museum. Ni ya karibu 2500 KK. Upande wa vita una magari ya magurudumu manne, kila gurudumu ni vipande viwili vya mbao vilivyoungwa, na wanyama wanakanyaga maadui waliolala chini.

Wanyama wale kwenye mabamba wanaitwa kunga. Walikuwa ghali kuliko punda wa kawaida, na walitolewa kama mahari na zawadi za wafalme. Mwaka 2022 wataalamu wa vinasaba walipima mifupa iliyozikwa Umm el-Marra, kaskazini mwa Syria, wakakuta kunga ni chotara: mama ni punda wa kufugwa, baba ni punda-mwitu wa Syria, ambaye hakufugika. Kwa kuwa chotara hao hawakuzaa, kila kizazi kipya kilitaka kwenda kumkamata dume wa mwituni tena. Farasi wa kufugwa alikuwa bado hajafika huko.

Na sasa sikilizeni vizuri. Punda alifugwa kwanza Afrika, pande za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Utafiti mwingine wa vinasaba wa 2022 umelithibitisha hilo. Kwa hiyo mama wa yule mnyama aliyevuta magari ya kifalme ya Sumeri ukoo wake unatoka kwetu.

#9 Mtazamo Huru

Hilo la punda sikulijua, ahsante dada. Lakini tuseme ukweli wakuu: Afrika kusini mwa Sahara hatukuwa na gurudumu. Wazungu wametucheka nalo miaka mingi, na mimi linaniuma. Kama vitu vilivyohitajika ni mti, patasi na ng'ombe, sisi tulikuwa navyo vyote. Tulikuwa tunayeyusha chuma. Tatizo lilikuwa nini?

#10 Bint Kizimkazi

Kaka, najua linauma, ndiyo maana nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, tuiangalie Misri. Piramidi kubwa la Giza lilijengwa karibu 2560 KK, na mawe yake hayakubebwa na magari. Yaliburutwa kwa sleji, chombo cha mbao kisicho na magurudumu. Kwenye kaburi la Djehutihotep, Deir el-Bersha, kuna mchoro wa sanamu kubwa juu ya sleji, safu za wanaume wakivuta kwa kamba, na mtu mmoja amesimama mbele ya sanamu akimimina maji mchangani. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima: mchanga ukiloweshwa kwa kiasi sahihi, nguvu ya kuvuta inapungua kwa karibu nusu. Je, Wamisri hawakulijua gurudumu? Walilijua. Kaburi moja la Saqqara la Nasaba ya Tano lina mchoro wa ngazi ya vita yenye magurudumu. Lakini gurudumu la mbao chini ya jiwe la tani nyingi, juu ya mchanga, lingezama. Walichagua kilichofaa. Tena walikuwa na mto Nile, na mashua inabeba kuliko gari lolote.

Pili, Afrika si kitu kimoja. Wafalme wa Kush, Sudan ya leo, walipenda farasi kiasi kwamba Piye, katika karne ya 8 KK, aliandika kwenye jiwe lake hasira yake alipokuta farasi wa mji alioushinda wameachwa na njaa. Farasi wa magari walizikwa kwa heshima el-Kurru. Wagaramante wa Fezzan, kusini mwa Libya, walikuwa na magari ya farasi wanne, mwanahistoria Mgiriki wa kale Herodotus ameyataja, na miamba ya Tassili n'Ajjer katika Algeria ina michoro ya magari katikati ya Sahara.

Tatu, twende kwetu. Tulikuwa na ng'ombe, ndiyo, lakini kati ya pwani na bara kuna mbung'o. Ng'ombe au farasi anayepita kwenye mapori yake anapata nagana, anakonda na kufa. Ndiyo maana njia ya Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, ilikuwa njia ya miguu ya watu, na wapagazi wengi Wanyamwezi walibeba kama kilo 30 kila mmoja. Wageni waliodhani tumekosa akili walijaribu wenyewe. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya maksai. Ng'ombe wakafa njiani, nao wakageukia wapagazi kama kila mtu.

Nne, gurudumu linataka barabara, na barabara inataka mtu wa kuitunza kila baada ya masika. Buganda ya karne ya 19 ilikuwa na barabara pana zilizosafishwa kwa amri ya Kabaka, bila gari hata moja. Zilikuwa barabara za watu, na zilitosha kwa majeshi, wajumbe na kodi.

Anayecheka kwamba hatukuwa na gurudumu amwambie kwanza huyo maksai asife.

#11 Mtazamo Huru

Nimesoma mara mbili. Hiyo ya 1877 ilipaswa kuwa kwenye kitabu cha darasa la sita.

#12 Kijana wa Makete

Na Wamarekani wa asili? Nimewahi kusikia nao hawakuwa nalo.

#13 Mpiga Randa

Walikuwa nalo kwenye vinyago. Katika miaka ya 1940 huko Tres Zapotes, jimbo la Veracruz nchini Meksiko, vilichimbuliwa vinyago vya udongo vya wanyama wenye magurudumu manne, na vijiti vya ekseli vilipita kwenye miguu yao. Wazo lote lilikuwa mkononi mwao. Lakini ng'ombe, farasi wala punda hawakuwepo barani. Inka wa Peru walikuwa na llama, ambaye hubeba mzigo mdogo mgongoni na havuti gari, na barabara zao za zaidi ya kilomita 30,000 zilipanda milima kwa ngazi za mawe. Gari lingefanya nini kwenye ngazi?

Hapa ndipo alipo Ng'wana Shinyanga na hoja yake ya mvutaji. Bila yeye, ekseli inaishia kwenye kinyago.

#14 Gereji ya Kona

Hamjagusa spoku, vile vijiti vinavyotoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni. Gurudumu la mbao nzima ni zito, na kwa vita ni polepole.

Mabadiliko yalikuja karibu 2000 KK kwa watu wa Sintashta, kusini mwa milima ya Ural. Makaburi yao yana magari mepesi ya magurudumu mawili yenye spoku, na farasi wamezikwa pamoja nayo. Gurudumu lenyewe limeoza, ila spoku ziliacha alama kwenye vishimo vilivyochimbwa kulisimamisha. Ndani ya karne chache magari ya aina hiyo yalikuwa yamefika Mashariki ya Kati, na kufikia 1200 KK wafalme wa Shang wa China wanazikwa nayo Anyang.

Kilele kwangu ni magari sita ya Tutankhamun, farao wa Misri, aliyefukuliwa na Howard Carter mwaka 1922. Spoku sita kila gurudumu. Fundi alichukua mti, akaupinda kwa umbo la V, kisha akaunganisha V sita mgongo kwa mgongo, kila spoku ikawa ni nusu ya V moja na nusu ya jirani yake. Katikati akafunga kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi ikikauka inajikaza yenyewe kuliko boliti. Hakuna spoku inayoweza kuchomoka peke yake, maana imeshikwa na jirani zake wawili. Nimekaa na mchoro wa kiungo hicho nikitafuta udhaifu wake.

#15 Ng'wana Shinyanga

Swali la mwisho kwa leo. Kama gurudumu lilikuwa na faida zote hizi, mbona picha za biashara ya Uarabuni ni ngamia tu? Walilipoteza?

#16 Mpiga Randa

Waliliacha kwa hesabu. Huyohuyo Bulliet aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1975. Hoja yake ni kwamba kati ya karne ya 3 na ya 7 BK, magari ya mizigo yalififia karibu Mashariki ya Kati yote, nchi ambayo ilikuwa nayo tangu enzi za Uruk. Waarabu wa kaskazini walikuwa wametengeneza tandiko jipya la ngamia, linalobeba mzigo kwenye fremu ya mbao juu ya nundu. Ngamia hahitaji barabara wala daraja. Hahitaji seremala wa kumtengenezea ekseli katika nchi yenye uhaba wa mbao. Mtu mmoja anaongoza ngamia kadhaa waliofungwa kwa kamba, wakati gari la maksai linataka mtu wake. Ukijumlisha gharama, ngamia alishinda.

Barabara za Warumi zikaachwa zibomoke, na mitaa ya miji mingi ikawa myembamba kwa sababu ilitosha kupita ngamia na mzigo wake. Gurudumu lilibaki kwa mfinyanzi na kwenye mitambo ya kuvuta maji. Kwenye safari ndefu lilirudi kwa wingi karne ya 19, pamoja na Wazungu na barabara zao.